UZI: Msimu mzima wa ngoma za ukumbini na binti yangu, kutoka usaili wa Novemba mpaka Dayton

Dereva wa I-70 (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Jambo hili ninalo moyoni tangu Aprili. Leo nina siku mbili nyumbani kabla ya kupakia tena, basi nitaliandika lote, mnivumilie kwa urefu.

Mimi ni dereva wa semi, naishi Indianapolis, kwetu Tanga. Binti yangu ana miaka 16, yuko sekondari hapa. Mwaka huu aliingia kwenye kikundi cha ngoma cha shule yao, si bendi ile ya kutembea uwanjani, bali kile kinachoshindana ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Mimi nikajitolea kuendesha lori la vyombo. Kwa hiyo nimeuona msimu kutoka jukwaani, kutoka nyuma ya jukwaa na kutoka ndani ya trela.

Kwa asiyefahamu: shule za huku zina bendi za matembezi, zinacheza uwanjani msimu wote wa vuli. Baridi ikiingia uwanja haukaliki. Wapiga ngoma, badala ya kukaa bure mpaka mwaka unaofuata, wanahamia kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wanatandika turubai kubwa lililopakwa rangi, linafunika uwanja karibu wote, kisha wanacheza onyesho la dakika kama sita: muziki, mwendo, mavazi na kisa chake. Tarumbeta hakuna, zumari hakuna. Ni vyombo vya kupigwa, na kinanda cha umeme na gitaa la besi vya kujazia.

Chama kinachoendesha mashindano makubwa kinaitwa WGI (Winter Guard International). Kilianzishwa 1977 kwa ajili ya vikundi vya kurusha bendera, ngoma zikapewa ubingwa wao kuanzia 1993. Kila Aprili vikundi kutoka pande zote za Marekani, na vichache kutoka nchi nyingine, vinakutana Dayton, Ohio. Kuna vikundi vya shule na kuna vya kujitegemea, vyenye vijana wakubwa wa chuo. Kila upande una madaraja matatu: A, Open na World. Mliowahi kuona video za Riverside City College ya California au Music City Mystique ya Nashville mnajua World ikoje. Sisi tuko Open, upande wa shule.

Kikundi chenyewe kina sehemu mbili. Waliobeba ngoma mwilini wanaitwa betri: snea (ngoma ndogo yenye sauti kali ya kuchachatika), tenori (zile ngoma kadhaa zilizofungwa pamoja, mtu mmoja anazipiga zote), besi, na kwingine matoazi. Waliosimama mbele na vyombo vya magurudumu wanaitwa timu ya mbele: marimba, vibrafoni na zailofoni (nazo za ukoo wa marimba), dramu na vinanda.

Ndiyo, marimba. Mara ya kwanza kumsikia mwalimu Mzungu akisema "marimba" kwenye mkutano wa wazazi nilishtuka nikageuka. Neno la kwetu kabisa, lilivuka bahari na watu wetu wakati wa utumwa, likakaa Guatemala na Mexico, likapanda mpaka viwanda vya Chicago. Na mbao zake nzuri ni za mti wa Honduras ambao ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Siku ya kwanza kushusha marimba kwenye lori niliupapasa ule ubao kwa kidole. Baridi, mzito, mwekundu mweusi. Nilimkumbuka fundi wa vinyago mmoja wa Mtwara.

Naendelea na usaili, ngojeni kidogo.

Mama Columbus

Kaka, endelea, nimevuta kiti. Wangu wa darasa la saba ameanza kugonga vijiko mezani, nataka kujua ninakoelekea.

Dereva wa I-70

Dada karibu.

Usaili ulikuwa Novemba, bendi ya uwanjani ilipomaliza tu. Jioni tatu mfululizo. Wiki nyingi kabla, watoto walipewa karatasi za mazoezi wajifunze. Binti alizipiga mezani jikoni kila usiku kwenye kipande cha mpira, kile kinachozuia kelele, metronomu ya simu, ile ya kuhesabu mapigo, ikilia pembeni. Mkono wa kulia nane, wa kushoto nane. Kulia nane, kushoto nane. Nilirudi safari ya Texas nikamkuta palepale, zoezi lilelile, kasi tu imepanda.

Nilidhani usaili ni kuonyesha ufundi. Kumbe wanapima vitu vidogo sana. Mkwiro unapanda inchi ngapi kutoka kwenye ngozi: tatu kwa sauti ndogo, sita, tisa, kumi na mbili kwa sauti kubwa. Ukiambiwa tatu ukaenda nne wanaandika. Miguu inakanyaga palepale wakati mikono inapiga, mguu usikosane na metronomu. Halafu wanakusimamisha katikati ya wengine wawili na kuwaambia mpige pamoja, na hapo ndipo wanapoamua. Wapo watoto waliopiga vizuri sana peke yao wakaanguka hapo.

Snea ziliombwa na watoto 14, nafasi zilikuwa 6. Ijumaa karatasi ikabandikwa mlangoni mwa chumba cha muziki. Binti alinitumia picha. Besi namba tatu.

Nilipompigia alikuwa analia. Na mimi, niseme kweli, nilikasirika kwa niaba yake. Nilikuwa na dhana yangu kichwani kwamba besi ni ngoma ya kupigia dum, dum, ya wale waliokosa.

Besi Tano

Shikamoo baba. Niruhusu nichangie hapo, nimeguswa. Mimi nimezaliwa Nyarugusu, sasa nipo Louisville, nilipiga besi ya mwisho miaka mitatu, shule na kikundi cha kujitegemea, mpaka umri ukanitoa.

Kwa wasomaji: besi si ngoma moja, ni watu watano kwa kawaida, kila mmoja na ngoma ya ukubwa wake. Ya kwanza ndogo, kama inchi 18, sauti ya juu. Ya mwisho 28 au zaidi. Unaibeba kifuani imelala ubavu, ngozi moja kulia na nyingine kushoto, mbele unachungulia kwa juu yake. Muziki umeandikwa mstari mmoja, halafu umekatwakatwa. Namba moja ana noti yake, mbili ana yake, tatu ana yake. Hakuna mwenye wimbo mzima. Kasi ya mapigo 180 kwa dakika, noti nne kila pigo, ni noti 12 ndani ya sekunde moja. Wewe yako ni moja, au mbili, unaitia kwenye mwanya wake na unatoka. Ukiwahi kidogo umemkanyaga wa kabla yako, ukichelewa umemkanyaga wa baada.

Mpiga snea akikosea ana wenzake watano wa kumfunika. Wa besi hana wa kumfunika. Mwambie dada yangu hivyo, kutoka kwangu.

Dereva wa I-70

Marahaba mwanangu, na asante. Umenitangulia, maana ndicho kitu nilichokifungulia uzi huu.

Nilikwenda kuonana na mwalimu Jumatatu. Kijana mdogo, mpole. Hakubishana na mimi. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, akawaita wale watano wa besi, akawaambia wapige mstari mmoja wa zoezi. Wakapiga. Ilisikika kama mtu mmoja anateremka ngazi mbio, kila kipandio na sauti yake. Kisha akamwambia binti yangu atulie, wengine wanne wapige vilevile.

Wakuu, ule mstari uliharibika wote. Sikusikia ngoma nne, nilisikia shimo. Mguu unateremka ngazi, kipandio hakipo. Wenyewe wale wanne waliyumba, wa nne akaingia mapema kwa sababu alizoea kumsubiri wa tatu. Mwalimu akawarudisha watano, wakapiga tena. Akaniambia kwamba namba tatu anampa yule mtoto mwenye muda imara kuliko wote, kwa sababu yuko katikati, pande zote mbili zinamwegemea.

Binti alikuwa ananitazama juu ya ngoma yake. Sikusema kitu. Njiani kurudi aliniuliza, "Baba, umesikia?" Nikamwambia nimesikia.

Jinja Mjini

Ndugu zangu, nimesoma nikasimama. Kwetu Busoga, Uganda, tuna bigwala. Ni pembe za mabuyu, tano au zaidi, ndefu kwa fupi, na kila moja ina sauti moja tu. Mpulizaji anangoja zamu yake, wimbo unatoka kwa wote. Zilipigwa kwenye mambo ya Kyabazinga, mfalme wetu, kutawazwa na kuzikwa. UNESCO iliziandika 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana wazee wanaojua walikuwa wamebaki wachache mno. Na embaire yetu, ile marimba kubwa ya juu ya shimo la ardhini, watu wanakaa pande mbili wakitazamana, mmoja anatia noti katikati ya noti za mwenzake. Hilo somo la mtoto wako lipo kwetu zamani.

Mzee wa Ngamiani

Mleta uzi, wewe ni mtu wa Tanga halafu umesahau beni? Babu yangu alikuwa Arinoti. Beni ilianza pwani hii miaka ya 1890, Lamu, Mombasa, ikateremka kwetu na Dar es Salaam. Ngoma kubwa, tarumbeta, mavazi ya kijeshi, vyeo, gwaride limenyooka. Marini upande huu na Arinoti upande ule, kila mtaa na chama chake, na kushindana kwelikweli: nani kavaa vizuri, nani mstari wake haujapinda, nani wimbo wake umekamata watu. Watu walichanga fedha mwaka mzima kwa ajili ya siku moja. Huyo mtoto hajaenda mbali na kwao.

Dereva wa I-70

Shikamoo mzee wangu. Sikusahau, ila sikuwa nimeviweka pamoja mpaka uliposema. Bibi yangu alikuwa na picha ya mumewe amevaa kofia ya afisa na hajawahi kuwa askari. Leo ndiyo naelewa ile picha. Nitampigia simu mama nimuulize ilipo.

Jinja, asante sana. Nimemsomea binti hiyo ya bigwala, ametafuta video, amewatumia wenzake wanne wa besi.

Hesabu Kwanza

Mkuu, uzi mzuri, lakini tuongee ya ardhini. Inagharimu kiasi gani, na masomo yanabaki wapi? Mtoto wa mhamiaji ana hesabu zake na fizikia zake. Ngoma itampa kazi?

Dereva wa I-70

Swali la haki, ndugu. Ada yetu ya msimu ilikuwa dola 850, na safari mbili za kulala hoteli zilikuwa juu yetu pia. Kwa familia yangu si hela ndogo. Shule ina utaratibu wa kulipa kidogokidogo, na wazazi tulifanya kazi kwenye vibanda vya chakula siku za mechi ili mapato yaende kwenye kikundi. Vikundi vya kujitegemea ni ghali zaidi, unazungumzia elfu moja na kitu mpaka elfu mbili na zaidi, mbali na mafuta ya gari, maana mazoezi yao ni wikiendi na vijana wanatoka majimbo mengine. Mtu asiingie kichwakichwa.

Masomo: walimu walikuwa wakali, ukishuka alama darasani husafiri. Sitakwambia ngoma itampa kazi. Ila umetaja fizikia, na hapo ngoja nikupe kitu nilichojifunza Januari kwenye baridi ya kuua.

Mwezi ule walikuwa na kambi ya siku tatu, saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku. Betri ilikuwa nyuma kabisa ya turubai, timu ya mbele mbele. Kutoka kona moja ya nyuma mpaka kona ya mbele upande wa pili ni kama mita 25. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi inatumia takriban 0.07 ya sekunde kuvuka. Haionekani kitu. Lakini rudi kwenye hesabu ya kijana wetu wa Louisville: kwa kasi ya 180 noti moja inachukua 0.08. Maana yake mtoto akiwa nyuma akasubiri asikie marimba ndipo apige, mtazamaji atamsikia amechelewa noti nzima, au mbili, kwa sababu sauti imekwenda kwake na kurudi!

Kwa hiyo kuna sheria: wa mbele wasikilize nyuma, wa nyuma wasisikilize mbele kamwe. Wa nyuma wanashika muda wa mpiga snea wa katikati na wa miguu yao. Anayetembea akawa anahama kutoka nyuma kuja mbele anabadilisha sikio lake njiani. Binti alinichorea hiyo kwenye karatasi ya risiti ya mafuta, pembetatu na mishale. Ninayo kwenye gari mpaka leo.

Na jambo la afya, wazazi sikieni: masikio. Snea sita ndani ya ukumbi wenye kuta za matofali ni kelele ya kuharibu masikio kabisa. Nunueni vizibo vya kweli vya wanamuziki, si pamba. Yangu nilianza kuvaa baada ya siku moja tu.

Mwalimu Kisumu

Salamu kutoka Kisumu. Nafundisha muziki na nimepeleka wanafunzi kwenye Kenya Music Festival miaka mingi, kwaya na ngoma za kienyeji, isukuti pia. Kwetu jaji anasimama mbele ya ukumbi mwisho wa kundi la washindani, anaeleza alichoona, mwalimu unakaa pale unatetemeka. Huko wanatoa alama vipi? Maana kulinganisha visa tofauti, mavazi tofauti na muziki tofauti, kila mmoja lake, si jambo dogo.

Dereva wa I-70

Mwalimu, karibu sana.

Alama ni kati ya mia. Majaji wamegawana kazi: wapo wa muziki wenyewe, wapo wa mwendo na sura, na wapo wa athari, yaani onyesho lile kwa jumla limemfanya nini mtazamaji, kwa sikio na kwa jicho. Kila mmoja anaongea kwenye kinasa sauti muda wote watoto wanapocheza, na sauti zile anapewa mwalimu baadaye. Nilizisikiliza mbili tatu. Unamsikia jaji anasema "vizuri, vizuri", ghafla "ah, besi, mmeachana hapo", halafu anaendelea. Jumanne yake watoto wanasikilizishwa, mahali palepale pakatengenezwa. Jambo ninaloliona la maana ni kwamba anapima vitu viwili kila mahali: kilichoandikwa ni kigumu na kizuri kiasi gani, na wamekifanya kiasi gani. Ukiandika kigumu ukakivunja hupati kitu. Ukiandika chepesi ukakisafisha utafika mahali utakwama.

Shindano letu la kwanza la jimbo tulipata 68. Walimu hawakushtuka, walisema Februari ni ya kujua uko wapi.

Sasa la pili, na hili linanihusu. Mwisho wa Februari tulikwenda mashindano ya kanda, jimbo la jirani. Usiku ule baridi ilishuka chini ya sifuri mbaya. Niliegesha trela nje, turubai likiwa ndani. Hakuna aliyeniambia na mimi sikufikiri. Turubai lile ni la plastiki nzito, na plastiki ikigandishwa usiku kucha inakuwa ubao. Asubuhi tuliliingiza ukumbini, wazazi kumi na wawili tukalivuta, halikulala. Likabaki na mikunjo imesimama kama matuta barabarani.

Na saa inakimbia, wakuu. Kila kikundi kina muda wake wa kuingia, kutandika, kucheza, kukunja na kutoka. Ukizidisha unakatwa alama. Vibrafoni ikaja, gurudumu la mbele likaingia kwenye mkunjo, ikasimama ghafla. Msichana aliyekuwa anaisukuma akagonga kifua kwenye fremu. Tukainua magurudumu kwa mikono. Wakaanza wamechelewa, onyesho lenyewe wakacheza kwa tahadhari, miguu inachungulia mikunjo, na wakati wa kutoka turubai likakataa kukunjika. Tulipovuka mstari wa kutokea muda ulikuwa umepita. Walikatwa, na ile tofauti ndiyo iliyowashusha nafasi mbili.

Nilikaa ndani ya lori nikashindwa kuwasha injini. Binti alikuja akapanda kiti cha pembeni na jaketi lake la kikundi. Alikaa. Baadaye akasema, "Namba nne alikosa kuingia kwenye kile kipande cha mwisho, tukamsubiri wote, tukamshika. Hakuna jaji aliyelisema." Alikuwa anafurahi! Kwake siku ile ilikuwa hiyo.

Kuanzia wiki ile turubai lililala ndani ya ukumbi wa shule mpaka asubuhi ya safari, na tulifanya mazoezi ya kulitandika na kulikunja, wazazi peke yetu, na saa mkononi.

Mama Columbus

Huyo mtoto Mungu amtunze. Haya twende Dayton kaka, usiku unaingia.

Besi Tano

Nimesoma hiyo ya namba nne mara mbili. "Tukamshika." Basi wameshakuwa mstari wa besi. Endelea baba.

Dereva wa I-70

Dayton.

Kutoka kwetu ni mwendo wa saa mbili tu kwa barabara kuu ya I-70, lakini tuliondoka siku moja kabla. Kwanza tulipita machi yote tukisafisha: fainali za jimbo tulifika 82, watoto wakaanza kutembea vingine. Sitayaeleza sana, yalikwenda vizuri.

Mwenye kumbukumbu atajua 2020 mashindano ya Dayton hayakuwepo, corona ilikata msimu katikati ya machi. Mmoja wa walimu wetu wasaidizi alikuwa mwaka wake wa mwisho wa shule wakati huo. Alicheza msimu wote, hakuifikia Dayton. Tulipoingia eneo la maegesho aliomba nisimamishe lori kidogo, akashuka, akatembea peke yake mpaka mlangoni, akarudi. Hatukuulizana kitu.

Hatua ya kwanza inafanyika kumbi zaidi ya moja kwa sababu vikundi ni vingi mno. Tukapita. Nusu fainali ikawa UD Arena. Ukumbi huo ni wa 1969, unachukua watu zaidi ya elfu kumi na tatu, viti vinashuka kwa mwinamo mkali pande zote mpaka chini kwenye sakafu. Ukiwa pale chini unaona ukuta wa watu.

Kabla ya hapo kuna maegesho. Hayo peke yake yanatosha kukufanya usafiri. Aprili, kajua kamechomoza, na kila baada ya magari kumi kuna betri imesimama duara inapasha moto. Watu wamewazunguka na simu zao, watoto wadogo wamekaa chini na vijiti vyao wanaiga. Vikundi vya World vinapiga hapo ukiwa na hatua tatu kutoka kwao. Binti yangu na wenzake wanne walikuwa pembeni ya lori langu. Nane kwa kila mkono. Zoezi lilelile la jikoni, Novemba. Nilikuwa nimesimama nimeshika mlango wa trela na nilitambua pigo lake kati ya yale matano bila kutazama.

Waliitwa. Sisi wa turubai tuliingia kwanza. Likalala kama shuka. Tukapiga magoti pembeni, pale wazazi wanaposubiri, sakafuni kabisa, kwa hiyo nililiona onyesho kwa usawa wa miguu yao.

Mpiga snea wa katikati akahesabu kwa mdomo, zile sauti fupi wanazotoa, nne, na wakaanza. Sitasimulia onyesho zima. Kuna kipande dakika ya tano ambapo kila kitu kinanyamaza, besi wanatoka nyuma wakija mbele kwa mstari, na wanapiga ile teremka ngazi, kutoka namba moja mpaka tano na kupanda tena, mara tatu, kila mara kwa haraka zaidi. Mara ya tatu ndiyo ile ya noti 12 kwa sekunde. Machi yote walikuwa wanaipata mara saba kati ya kumi.

Namba tatu alipita mbele yangu kama mita mbili. Macho yake hayakuwa kwenye ngoma, hayakuwa kwa watu. Kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta mbili, moja imefunuka. Mara ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, wakuu, sikusikia watu watano. Ilikuwa kamba moja imevutwa ikaachiwa. Ule ukuta wa watu ukapiga kelele kabla ya kipande kwisha, na wao hawakuyumba, wakaendelea mpaka noti ya mwisho.

Tulikunja turubai nikiwa sioni vizuri. Mzazi mwenzangu, baba mmoja wa Kimarekani ambaye msimu mzima tulisalimiana tu, alinishika bega akaliacha.

Alama 86 na ushee. Fainali tuliikosa kwa chini ya nusu pointi.

Hesabu Kwanza

Nusu pointi. Pole sana mkuu. Ile ya Februari ingekuwa hapo...

Dereva wa I-70

Hapana ndugu, alama hazibebwi kutoka shindano moja kwenda jingine, kila siku inaanza upya. Nililifikiria hilo pia usiku ule. Walioingia fainali walikuwa bora kuliko sisi, niliwaona. Jioni tulikaa juu kabisa na watoto wote tukawatazama. Walinyamaza mwanzoni. Kufikia kikundi cha tatu walikuwa wamesimama wanashangilia mpaka sauti zimekauka.

Tulirudi usiku uleule, saa nane tulikuwa tunashusha vyombo shuleni. Besi zinaingia stoo mwisho, kwa namba, tano, nne, tatu.

Mwalimu Kisumu

Nitauchapisha uzi huu niusome na wanafunzi wangu muhula ukianza. Hasa hiyo ya sauti kuvuka ukumbi. Nimefundisha kwaya miaka kumi na nane na nilikuwa nawaambia tu "msivute", bila kuwaambia kwa nini wanavuta.

Mama Columbus

Kaka, sasa niambie la kufanya. Huyu wangu wa vijiko ana miaka 12. Nimnunulie dramu?

Dereva wa I-70

Dada, usinunue dramu. Mnunulie kipande cha mpira cha kupigia na mikwiro miwili inayolingana uzito. Iviringishe mezani hapohapo dukani, mmoja ukiyumba rudisha. Metronomu ipo bure kwenye simu. Nimemuuliza binti, yuko hapa pembeni, anasema aanze na nane kwa kila mkono, kasi 80, mbele ya kioo, mikwiro ipande sawa. Asipandishe kasi mpaka ufumbe macho ushindwe kujua mkono upi unapiga. Hiyo itamchukua wiki kadhaa, usimharakishe. Halafu ulizia shuleni kwake mwalimu wa bendi ni nani, uende mwenyewe, usingoje barua.

Akiwa na swali aandike hapahapa. Binti atamjibu.